Waulizeni Kazi, Msiwaulize Kwao

Kabla ya saa moja asubuhi, kuanzia Port Reitz hadi Chaani jijini Mombasa, mageti ya viwanda na ya yadi za makontena huwa yamekwisha kupata watu. Vijana husimama kando ya ukuta na bahasha za kaki mkononi. Ndani mna cheti cha shule, cheti cha polisi cha tabia njema, kopi ya kitambulisho, pengine na barua ya chifu. Wachache huitwa ndani. Huko, kwa dakika kumi au kumi na tano, mtu asiyewajua huamua ni nani ataanza kazi Jumatatu na ni nani atavuka feri kurudi Likoni, au atapanda matatu kurudi Kisauni, na bahasha yake vilevile.

Ukiwauliza waliotoka humo waliulizwa nini, majibu yao hufanana. Hebu jieleze. Kwa nini tukuajiri wewe? Udhaifu wako ni upi? Miaka mitano ijayo unajiona wapi? Kisha hufuata yale yasiyoandikwa kwenye karatasi yoyote. Wewe ni mtu wa wapi? Umeolewa? Kisauni unakaa sehemu gani? Nani amekuelekeza hapa?

Maswali ya fungu la kwanza hayamwambii mwajiri jambo lolote la kumsaidia. Ya fungu la pili yanamwambia mambo yasiyomhusu. Mafungu yote mawili yanampotezea kile kilichomfanya atangaze nafasi tangu mwanzo, yaani mtu anayeiweza kazi. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu nafasi zenyewe nje ya kisiwa cha Mombasa si nyingi. Mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Reli ya kisasa ilipofika Miritini mwaka 2017, na serikali ikataka mizigo ipande treni, wenye malori na yadi walilia, na mwaka 2019 watu waliandamana mjini Mombasa kwa sababu hiyo. Pale nafasi moja inapogombewa na mamia ya watu, swali bovu linamtupa nje aliyestahili, na mwenye ofisi hatajua kamwe kwamba alimtupa.

Udhaifu wa mahojiano ya kubahatisha umejulikana kwa zaidi ya karne. Mwaka 1915 Walter Dill Scott, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi mameneja sita wa mauzo walivyowahoji waombaji 36, wote walewale. Kwa waombaji 28 kati ya hao, mameneja hawakukubaliana hata kama mtu yumo katika nusu ya walio bora au nusu ya walio hafifu. Wanaume hao sita walikuwa wazoefu wa kazi yao, na kila mmoja aliamini jicho lake. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walikusanya tena matokeo ya tafiti za miongo mingi na kupima kila njia ya kuchagua wafanyakazi kwa kipimo cha sifuri hadi moja, ambapo moja ni kubashiri bila kukosea. Mahojiano yaliyopangwa, yenye maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zilizoamuliwa mapema, yalipata 0.42 na kuongoza orodha yote. Mahojiano ya kuzungumza tu yalipata 0.19. Miaka ya uzoefu, ambayo matangazo yetu ya kazi huitaja kabla ya jambo lingine lolote, ilipata 0.07.

Tafakari kidogo juu ya tarakimu hiyo ya mwisho. Msichana wa Mtongwe aliyekataliwa kwa kuwa hana "uzoefu wa miaka mitatu" amekataliwa kwa kigezo kinachokaribia kutobashiri chochote.

Wapo wanaodhani dawa ni kuuliza maswali magumu ya kumkoroga mtu akili. Google walifanya hivyo kwa miaka, wakiuliza mambo kama idadi ya mipira ya gofu inayoweza kujaa ndani ya ndege. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa kampuni hiyo, aliliambia gazeti la New York Times kwamba maswali hayo ni kupoteza wakati, hayabashiri kitu, na kazi yake kubwa ni kumfanya anayeuliza ajione ana akili. Lile la "niuzie kalamu hii", ambalo limefika hadi kwenye maduka yetu ya simu, ni ndugu wa maswali hayo.

Swali zuri linatoka ndani ya kazi yenyewe, na njia ya kulipata haihitaji shahada. Mwaka 1954 John Flanagan, aliyekuwa amewachunguza marubani wa jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha njia yake. Waendee wanaoifanya kazi, uwaombe wakusimulie visa halisi ambapo mtu aliikoa au aliiharibu. Mwaka 1980 Gary Latham na wenzake walichukua visa vya aina hiyo kutoka viwanda vya kupasua mbao wakavigeuza kuwa maswali ya mahojiano. Waliohojiwa walikuwa wafanyakazi wa kawaida wa kiwandani na wasimamizi wao, watu wa aina ileile wanaosimama kwenye ukuta wa Chaani.

Chukua kazi ya karani wa geti katika yadi ya makontena. Kaa na karani wako bora, umwekee chai, umuulize: ni lini uliona mtu akiiharibu kazi hii vibaya kabisa? Hatakuambia habari za "kujituma" wala "moyo wa ushirikiano". Atakuambia kuhusu usiku ambao namba ya lakiri haikulingana na hati, na mtu akafungua geti. Basi swali umelipata:

"Saa tisa usiku lori limefika. Hati zina namba moja ya lakiri, kontena lina nyingine. Dereva amechoka, anasema mambo yamekwisha kuzungumzwa na ofisi. Nyuma yake kuna malori manane na honi zinalia. Utafanya nini?"

Kabla ya kumwita mtu wa kwanza, andika majibu unayoyatarajia. Anayesema atafungua kwa sababu ofisi imesema, mpe alama moja. Anayesema hatafungua na atampigia msimamizi, tatu. Anayesema atalisogeza lori hilo kando ili foleni iendelee, atapiga picha lakiri bila kuigusa, ataandika daftarini namba zote mbili na saa, kisha atamwita msimamizi na ofisa wa forodha, huyo mpe tano. Hutakuwa na haja ya kukisia kama ni mwaminifu au kama anaweza kukabili shinikizo. Utakuwa umemwona akifanya kazi.

Baadaye mrudishe kwenye maisha yake: niambie siku mkubwa wako au rafiki yako alipotaka ufanye jambo, nawe ukakataa. Akianza kuzungumza kwa jumla, "mimi kwa kawaida huwa…", mkatize kwa upole. Siku gani? Nani alikuwepo? Kisha ukafanya nini? Uongo huchoka haraka kwenye maswali hayo madogo, kwa sababu mtu aliyebuni kisa hakubuni na saa, mahali na mtu wa tatu.

Kwa kazi za mikono, maneno yenyewe yapunguzwe. Mshonaji wa kiwanda cha nguo za kuuzwa nje apewe kitambaa, cherehani na muda, ashone mfuko wa suruali, ukaguliwe mshono. Dereva wa forklifti aendeshe. Ajabu ni kwamba viwanda vingi hufanya hivyo kwa washonaji na madereva, kisha linapofika suala la msimamizi, mwenye kushika maisha ya watu hamsini, vinarudi kwenye "jieleze". Msimamizi naye apewe kazi: hii hapa orodha ya zamu ya kesho, watu watatu wameugua, oda inaondoka Ijumaa, panga upya mbele yetu.

Hoteli za Bamburi na Shanzu, shule za binafsi za Likoni na zahanati za mitaani zina visa vyao. Mwalimu wa chekechea aulizwe atafanya nini mzazi akichelewa hadi saa kumi na mbili jioni, kisha aje mtu mwingine kumchukua mtoto. Mhudumu wa hoteli aulizwe kuhusu mgeni anayeapa kwamba pesa zake zimeibwa chumbani. Kila kazi ina saa yake ngumu, na mwajiri asiyeijua asiwe na haraka ya kuajiri. Aende kwanza akaijue.

Najua malalamiko ya waajiri. Kwamba vijana wa siku hizi hawajawahi kufanya kazi, basi utawauliza visa gani? Hili si kweli. Kijana wa Mtopanga ameshakuwa nahodha wa timu ya mtaa iliyotakiwa kukusanya nauli ya kwenda mechi. Binti wa Timbwani ameweka pesa za chama cha mama yake. Mwingine ameuza kahawa usiku, mwingine amefundisha watoto wadogo madrasa kwa miaka, na mwingine amesimama kivukoni akiuza maji kwenye jua kali na kurudisha chenji kwa hesabu ya kichwa. Hayo yote ni kazi. Hayamo kwenye wasifu wake kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba yanahesabika. Badilisha tu swali: usiseme "katika ajira yako ya mwisho", sema "shuleni, nyumbani, mtaani au kazini".

Malalamiko ya pili ni kwamba maswali yatavuja, aliyetoka atamwambia aliye ukutani. Yatavuja kweli. Andaa seti mbili zenye uzito mmoja, na ujue kwamba swali lililojengwa juu ya kisa halisi halikaririki kirahisi kama "udhaifu wangu ni kwamba ninafanya kazi kupita kiasi".

Kuna jambo moja ambalo katika mji huu linapaswa kutuaibisha. Mtunza stoo wa Changamwe atazungumza Kiswahili kuanzia anapofungua kufuli hadi anapolifunga, na wapakiaji, na madereva, na fundi wa kreni, na mwenye yadi mwenyewe. Lakini siku ya mahojiano anahojiwa kwa Kiingereza. Anatafuta maneno, anatoka jasho, na jopo linaandika "hajiamini". Mtu aliyelelewa katika Kiswahili fasaha, anayeweza kukueleza kwa mpangilio jinsi mzigo unavyopotea kati ya meli na ghala, anaonekana bubu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kama kazi inahitaji barua pepe za Kiingereza, mpe aandike moja, uipime. Kama haihitaji, mhoji kwa lugha atakayoifanyia kazi. Nina yakini kwamba hatua hii pekee ingebadilisha sura za walio ndani ya mageti mengi.

Sasa tuje kwenye swali zito kuliko yote, lile la "wewe ni mtu wa wapi".

Mombasa ina historia ndefu ya kumchagua mtu bila kumuuliza anachokijua. Katika miaka ya vibarua wa bandarini, serang, yaani mnyapara, ndiye aliyekusanya genge lake la wapakiaji, na aliyejulikana naye ndiye aliyekula. Juu ya hayo kulikuwa na kipande, kilicholetwa na sheria ya mwaka 1915 na kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma shingoni, kikionyesha alikoajiriwa, kwa mshahara gani, na siku aliyoachishwa. Kipande kilifutwa zamani, lakini mwajiri bado hukigeuza kitambulisho cha kijana upande wa nyuma na kusoma wilaya, tarafa na lokesheni, kisha uso wake unabadilika.

Swali hilo hukata pande zote mbili. Mijikenda wa Likoni anaulizwa na bosi wa kutoka bara, na anajua jibu lake limemponza. Mtoto wa Mluo au Mkamba aliyezaliwa Chaani, asiyejua kwingine, anaulizwa na bosi wa Pwani, anaambiwa arudi kwao. Tumeona matokeo ya kuwapanga watu hivyo. Usiku wa Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kwenye feri vilishambuliwa, na katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakahama makwao. Wanasiasa walivichochea vita hivyo, uchaguzi ukiwa karibu, na walichokitumia kuwachochea vijana ni malalamiko ya ardhi na ya ajira. Siwezi kusema kwamba mahojiano ya kazi ndiyo yaliyoleta mauaji. Nasema kwamba kijana anayetoka katika ofisi kumi akiulizwa kabila kabla ya kuulizwa anachoweza, tayari amefundishwa kwamba kabila ndilo linalogawa mkate.

Siku hizi limeongezeka swali la mtaa. Magenge ya vijana wenye mapanga yameyachafua majina ya sehemu za Kisauni na Likoni, na waathiriwa wa kwanza ni wakazi wenyewe. Kisha wakazi haohao wanakwenda kuomba kazi, wanataja mtaa, na wanatazamwa kama washukiwa. Ukitaka kujua kama mtu ni mwaminifu, uliza kisa cha uaminifu, na uwapigie simu watu aliowahi kuwafanyia kazi. Mtaa hauna jibu hilo.

Sheria iko wazi zaidi ya wengi wanavyodhani. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na pia yule anayeomba kazi, kwa misingi ya rangi, jinsia, lugha, dini, asili ya kikabila au ya kijamii, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya ukimwi, miongoni mwa mengine. Kesi ikifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, na mwaka 2013 mahakama ya ajira jijini Nairobi iliiamuru taasisi moja kumlipa mfanyakazi karibu shilingi milioni 7 katika kesi ya namna hiyo. Tangu 2022, sheria inasema vyeti vya uadilifu vya Sura ya Sita ya Katiba visidaiwe hadi mwajiri awe na nia ya kumpa mtu mkataba. Bahasha nyingi pale ukutani zimenenepa kwa karatasi ambazo hazikupaswa kuombwa mapema hivyo.

Atajitokeza mtu aseme: lakini sheria hiyohiyo inatuhesabia makabila. Ni kweli. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wa jamii moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Hesabu hizo zifanywe kwenye fomu, na ofisi nyingine, zikaguliwe hadharani. Wanaomhoji mtu ana kwa ana hawana haja ya kujua kabila lake ili kupima jibu lake.

Mara nyingi nyuma ya swali baya kuna hofu halali, na hofu hiyo ina swali lake safi. Mwajiri hamuulizi mwanamke wa Likoni kama ana watoto kwa sababu anawapenda watoto. Anaogopa kwamba feri ikikwama atachelewa. Basi amwambie kila mwombaji, mwanamume na mwanamke, wa Likoni na wa Nyali: zamu yetu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili pia, utawezaje kufika? Aliyesoma shule ya wenye ulemavu wa viungo ya Port Reitz asiulizwe mguu una nini. Aambiwe kama walivyoambiwa wengine: kazi hii ina mizigo ya kilo 25 na ngazi mbili, utaifanyaje? Huenda akakuonyesha njia ambayo hujawahi kuifikiria.

Mwenye duka la vipuri Bombolulu au kliniki ndogo Shika Adabu hana idara ya wafanyakazi, na hahitaji. Daftari moja linatosha. Maswali manne, yaleyale, kwa mpangilio uleule. Awe na mtu wa pili chumbani. Kila mmoja aandike alama zake kabla mwombaji anayetoka hajafika mlangoni, kisha ndipo wazungumze, kwa kuwa wakianza kuzungumza mwenye sauti kubwa ndiye atakayeajiri. Na mtu aliyeitwa saa mbili asikalishwe hadi saa tisa. Kuvuka kwa miguu kwenye feri ni bure, lakini matatu si bure, na chakula cha mchana si bure.

Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, upande wa Likoni, linajengwa. Viwanda vitakavyofunguliwa huko vitawahoji watu wa Mtongwe, Bofu na Shika Adabu kabla ya kuwahoji wengine, kwa sababu ndio walio karibu. Nawaomba wenye viwanda hivyo, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Mombasa pamoja nao, waandike maswali yao sasa, wayatoe kwenye kazi zenyewe, na wayahifadhi pamoja na alama za kila mwombaji ili aliyekosa aweze kuuliza kwa nini. Nawe uliyeitwa kwenye mahojiano wiki ijayo, andaa visa vitatu vya kweli kutoka maisha yako, kimoja cha kazi iliyokushinda na ulivyoirekebisha. Ukiulizwa kwenu ni wapi, una haki ya kuuliza kwa adabu swali hilo linahusiana vipi na kazi. Na ukinyimwa kazi kwa jibu lake, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa Mombasa.